Mzee wangu mwoga kamfukuza mwenzetu kwenye igizo: kosa ni lake au ni langu?

MjukuuWaMjumbe

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Tuko watu kumi na moja, Telegram, mwaka wa pili sasa. Tunaigiza kwa maandishi. Kila mtu ana mhusika wake, anaandika aya moja au mbili, anamwachia mwingine aendeleze. Ukitaka kusema jambo lako mwenyewe, siyo la mhusika, unaliweka ndani ya mabano mawili mawili ((kama hivi)). Ndiyo maana kwetu "njoo mabanoni" ni sawa na kumwambia mtu "njoo pembeni mara moja". Hatuna mazimwi wala panga za moto. Igizo letu linakaa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, mwaka 1983.

Kwa nini 1983? Kwa sababu mwaka ule karibu kila nyumba ilikuwa na la kuficha. Vita ya Kagera imekwisha, ile miezi 18 ya kufunga mkanda imepita na mkanda bado uko tundu lile lile. Sukari foleni, sabuni foleni, ugali ni wa ule unga wa njano watu waliouita yanga. Machi, Waziri Mkuu Sokoine akatangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, askari na mgambo wakawa wanakagua mpaka chini ya vitanda. Wengine walitupa mali usiku wasikutwe nayo. Sasa weka mtaa mmoja hapo: mwenye duka anaficha, mwenye watoto ananunua kwa anayeficha, mjumbe anajua na amenyamaza. Shetani wa nini tena? (Halafu tuko wakali na mambo ya kale. Mmoja wetu aliwahi kumwashia mhusika wake televisheni, Kariakoo, 1983. Bara hapakuwa na kituo, Zanzibar ndiyo walikuwa nayo. Tulibishana wiki nzima, tukaifuta, na hakuna aliyenuna.)

Mhusika wangu wa kwanza hapo alikuwa Daktari Neema. Naona aibu hata kumweleza. Miaka 26, mrembo, amesomea Muhimbili, lugha tano, rushwa hapokei, anatibu watu bure, na ukigombana naye, aya ya pili wewe ndiye unaomba radhi. Wiki tatu nzima hakuna aliyeandika naye jambo la maana. Walikuwa wanamwamkia na kupita, "Shikamoo daktari", kama unavyopita mbele ya picha ya kiongozi ukutani. Nikanuna, nikaona nabaguliwa. Admini wetu akaniita mabanoni: ((Dada, hivi huyu Neema kuna siku atahitaji kitu kwa mtu?)) Nilitafuta jibu siku mbili nikalikosa. Nikamwandikia uhamisho wa Songea, na mpaka leo hakuna aliyemuulizia.

Ndipo nikamleta Mzee Mfaume, mjumbe wa nyumba kumi. Nimemchota kwa ndugu mmoja wa babu yangu, Mungu amrehemu, nikaongeza chumvi yangu. Anapenda kuitwa Mheshimiwa. Anaogopa sare, hata kijana wa skauti akipita anavua kofia. Na hajui kusoma, ila mtaani hakuna anayelijua hilo. Anatembea na daftari la wakazi kwapani, na akitaka kujua kilichoandikwa anamkamata mtoto yeyote wa shule: "Hebu soma hapa kwa sauti, nisikie matamshi yako." Mtoto anasoma, mzee anatikisa kichwa kama mkaguzi.

Huyu walimpenda. Mwezi haukuisha, kila mhusika alikuwa na shughuli naye.

Sasa balaa. Kuna Bi Tatu, mhusika wa dada mmoja yuko Tanga. Kamjenga miezi mitano: mjane, mbele anauza khanga, nyuma ya pazia ana sukari na sabuni, mtaa mzima unakopa kwake. Juzi Jumatano tukafika kwenye msako. Ilikuwa saa 5 usiku, mimi na yule anayemchezesha sajini wa mgambo ndiyo tuliokuwa hewani, nikaandika hivi. Nabandika kama ilivyo:

> Sajini akauliza mara ya pili. Mzee Mfaume akahisi jasho linamtambaa mgongoni ndani ya kaunda suti. Alitaka kusema hajui. Mara akaona bakora inanyanyuka, kama aliyeishika si yeye, ikaelekea mlango wa kijani. "Mheshimiwa," sajini akasema, "umelisaidia taifa." Wakaingia. Bi Tatu akatolewa analia, anamsihi mzee amwombee, akapandishwa Landrover. Magunia manne ya sukari yakafuata nyuma. Mzee Mfaume akarudi barazani kwake, akanywa chai.

Waliokuwa macho wakanimwagia makofi. Nisiwafiche, nililala nimefurahi. Asubuhi nikakuta yule dada kaandika mstari mmoja tu: ((Asanteni kwa yote. Mimi nashukia hapa.)) Akatoka kwenye kundi.

Sasa tumegawanyika. Nusu wanasema nimemtendea unyama mwenzangu kwa kisingizio cha mhusika. Nusu wanasema ndiyo kuigiza kwenyewe, mwoga asipochoma watu siku ya msako atachoma lini. Admini anataka tufute usiku mzima ule tuanze upya. Mimi sitaki kufuta, kwa sababu ile bakora ndiyo aya bora niliyoandika tangu tuanze, na nadhani ni ya kweli. Ila pia sitaki kuwa mtu wa kuumiza watu halafu anajificha nyuma ya mzee wa kubuni.

Mnaocheza haya mambo, au mnaoandika tamthilia, nisaidieni. Unamwandikaje mtu mbaya bila wewe kuwa mbaya kwa wenzako?

Kondakta Mstaafu

Mleta uzi, mimi nasimama na mzee.

Mtu anaweka magunia manne chini ya kitanda, mwaka wa Sokoine, Kariakoo, mtaa wenye mjumbe mwoga, halafu akikamatwa analia na simu? Alitegemea nini, aandikiwe risiti? Tunasema tunataka wahusika wenye kasoro, wakija nazo tunataka ziwe zimeanikwa juani zisinuke.

Nasema haya nami nilikuwepo. 1983 nilikuwa utingo. Ndiyo mwaka magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kubeba abiria mjini, nauli shilingi tano, ile sarafu tuliyoiita dala, daladala ikapata jina. Sisi letu lilikuwa chai maharage, abiria wanakaa wakitazamana. Siku za msako ungeona watu wazima na heshima zao wanavyonyoosheana vidole. Aya yako ni ya kweli. Usifute.

Bi Mwanakombo

Mjukuu wangu, salaam kutoka Mombasa. Michezo yenu ya simu siijui, mimi ni mwalimu mstaafu. Lakini malumbano ya mashairi nayajua, na naona ndugu yake ni huyu huyu.

Nimeisoma aya yako mara tatu. Bakora sina neno nayo. Mwoga ni mwoga, ameonyesha, na umeiandika vizuri, hasa ule mkono usio wake. Taabu yangu iko mbele kidogo: "akatolewa analia". Ni nani alokwambia Bi Tatu alilia? Na hapo "anamsihi mzee amwombee", alimsihi lini? Huyo dada wa Tanga alikuwa amelala kwake. Umeingia chumbani mwa mwenzio, ukamvisha machozi, ukamtoa nje mbele ya watu.

Muyaka bin Haji wa hapa kwetu, alipokuwa akirushiana beti na Walamu zama za Mazrui na Sayyid Said, maneno yalikuwa makali kuliko majambia. Nasi tuliokuja nyuma tukafundishwa vivyo hivyo: mtu akikutupia shairi walipokea kwa vina vyake, wamjibu. Wamkejeli, wamfumba, wampasua maini ukitaka. Lakini ubeti wake humwandikii. Ukishamwandikia, mmebaki mtu mmoja ukumbini, wajijibu mwenyewe.

Mimi ningekuwa huyo dada, magunia yangu mngeyachukua yote na nisiseme kitu. Machozi ningeyadai.

Sizitaki

Watu wazima wanaigiza mgambo kwenye simu. Kweli nchi hii bando ni rahisi.

Kondakta Mstaafu

Na wewe umesoma mpaka huku chini.

Fundi Redio

Bi mkubwa kamaliza, mimi naongezea ya kiufundi tu.

Nimekuwa mwamuzi wa hii michezo miaka mingi, mezani kwanza, mtandaoni baadaye. Dungeons & Dragons, mchezo ulioanzisha mambo haya madukani, ulitoka Marekani 1974, na ndani yake kuna kete na mwamuzi. Ukirusha upanga, kete ndiyo inayosema umempata mtu au umemkosa. 1978 vijana wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, wakatengeneza MUD, watu wakaanza kucheza pamoja kwa maandishi kupitia kompyuta. Hapo mashine ikawa mwamuzi. Sisi wa Telegram hatuna kete wala hatuna mashine. Kila aya ni pigo, na mwenye haki ya kusema limempata wapi ni yule unayempiga. Unaandika "bakora ikaelekea mlango wa kijani", unaweka nukta, unaondoa vidole kwenye simu. Ni vigumu, hasa saa 5 usiku aya ikiwa tamu. Najua.

La pili ni kasoro yenyewe. Naziona za aina nyingi, mbili zinanichosha. Kuna kasoro ya kwenye usaili wa kazi: "Tatizo langu najituma kupita kiasi." Daktari Neema hata hiyo hakuwa nayo, pole. Halafu kuna kasoro iliyo kisu. Mhusika ni katili, mchokozi, msaliti, na kila siku anayelipa ni mhusika wa mtu mwingine. Mwenye mhusika kashika mpini, wenzake wote wameshika makali. Watu wa namna hii wakiulizwa wanasema "ndivyo alivyo, mimi nifanyeje". Wewe ndiye unayemwandika, ndugu!

Ile ninayoitaka mimi, mpini wanao wenzako. Chukua Sungura wa hadithi. Wanyama wamechimba kisima, yeye hakushika jembe, na kila mlinzi anayewekwa anamchezea akili. Sungura ana dharau. Anamwona Kobe, anamwona jiwe tu la kukanyagia, anakanyaga. Mgongo wa Kobe umepakwa ulimbo. Sasa niambie, bila ile dharau Kobe angemshikia wapi?

Mfano wangu. Nilikuwa na dereva wa lori, Mwanza kwenda Dar, mtu mzuri tu, ila akiona bao limewekwa chini hapiti. Niliwaambia wenzangu tangu siku ya kwanza mabanoni: huyu mkitaka kumkwamisha, mwekeeni bao. Basi mmoja alitaka mzigo uchelewe, akamweka mzee wa bao Singida. Mwingine alitaka kupanda lori bila nauli, akajifunza kucheza vibaya makusudi. Lori lilikaa siku tatu, samaki wakaoza, nikafukuzwa kazi. Watu wanne waliandika ile safari kwa sababu niliwaachia pa kunishika. Na Mzee Mfaume wako nusu anayo tayari! Kule kuogopa sare, kule kutojua kusoma, hizo ni mpini kabisa. Ila usiku ule ulivishika vyote mwenyewe.

Swali langu moja: msako ulipokwisha, mzee alipoteza nini?

MjukuuWaMjumbe

Bi Mwanakombo, shikamoo. Jibu lako nimelisoma nikiwa ndani ya mwendokasi, nikapitiliza kituo. Yale maneno "analia" na "anamsihi" sikuyafikiria hata kidogo. Yalikuja tu kwa sababu sentensi ilitaka mwisho. Nimerudi kwenye kumbukumbu za kundi nikasoma miezi yote mitano ya yule dada: Bi Tatu hajalia hata mara moja. Mume kafa, hakulia. Mtoto kaugua, hakulia. Kumbe mwenzangu alikuwa anajenga hilo hilo, mimi nimelibomoa kwa neno moja, na sikujua kama lilikuwepo.

Fundi, alipoteza nini? Hakuna. Alikunywa chai.

Kondakta Mstaafu

Swali la kizushi. Hiyo chai ilikuwa na sukari?

MjukuuWaMjumbe

Nimetazama. Aya niliyoandika wiki moja kabla ya msako: "vijiko vitatu, kama apendavyo". Siku zote nimemwandika hivyo.

Kondakta Mstaafu

Vijiko vitatu! 1983! Mjumbe! Sisi tulikuwa tunakunywa ya chumvi. Sukari ya nani hiyo?

Fundi Redio

Hahaha. Mzee kwisha habari yake. Hebu tuambie, Bi Tatu anakopesha kwa kuandika au kwa kichwa?

MjukuuWaMjumbe

Kwa kuandika. Ana daftari lenye jalada la bluu. Yule dada aliliandika mwezi wa kwanza kabisa, kwamba kila jina limo. Jamani nimepata baridi.

Bint Matrah

Nisamehe nimechelewa, niko Oman, nikimaliza kazi nyie mmeshalala nusu. Sitaongelea sukari, nitaongelea huyo aliyeondoka, kwa sababu mimi niliwahi kuwa yeye.

Kundi langu la zamani walikuwa wa huko nyumbani wote. Nilikuwa na mhusika, binti mmoja wa Pemba mchuma karafuu. Nikatoka kazini siku moja, nikafungua simu, nimekuta meseji mia na kitu, na ndani yake binti yangu kaozeshwa. Kaozeshwa! Mahari imepokewa, pilau limeliwa, watu wanacheka kwa vikatuni vya machozi. Nilipolalamika nikaambiwa "lakini ni hadithi tu, na wewe hukuwepo". Kwamba sikuwepo ndiyo iliyoniuma. Ningekuwepo huenda ningemwozesha mwenyewe.

Kwa hiyo dada, huyo mwenzenu sidhani kama kaondoka kwa ajili ya magunia. Mliamua mambo yake amelala. Saa 5 usiku hukuweza kusubiri saa 1 asubuhi?

Ukimtafuta, mtafute peke yake, usimwite mbele ya kundi. Usimweleze 1983 ilikuwaje, anaijua. Usimwambie "samahani kama umeumia". Mwambie ulichoandika ambacho hakikuwa chako, ukitaje kwa maneno yake, halafu nyamaza. Mimi niliandikiwa kurasa tatu za kujitetea na sikurudi.

MjukuuWaMjumbe

Ningeweza kusubiri. Niliogopa sajini atalala na utamu utapotea. Huo ndio ukweli na haupendezi.

Naenda kumwandikia. Nitarudi.

Kondakta Mstaafu

Naomba niondoe kidogo nilichosema juu. Bakora bado nasimama nayo. Machozi nakubali yafutwe. Mimi mwenyewe abiria wa kunisemea siku ile sikumpata, na nilikuwa na dumu la mafuta ya kula chini ya kiti. Kuna mtu alinyooshewa kidole badala yangu. Basi, tuishie hapo.

MjukuuWaMjumbe

Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita. Nawapa mrejesho.

Nilimwandikia peke yake. Niliandika kwanza ndefu, nikakumbuka ya Bint Matrah, nikafuta. Niliyotuma ni haya: "Dada, niliandika Bi Tatu analia. Nikaandika anamsihi Mzee Mfaume. Yote mawili hayakuwa yangu kuandika, na uliniandikia miezi mitano kwamba huyu mama halii. Sikusoma. Na sikukusubiri." Basi. Siku mbili kimya, alama mbili za kuonyesha kasoma. Siku ya tatu akajibu: "Ondoa machozi kwanza."

Nikaondoa. Telegram ilishafunga aya isiharirike, ikabidi niifute nzima niiweke upya, sasa inaishia kwenye mlango wa kijani. Makofi yote yakafutika nayo pia, inanistahili. Admini naye kaweka utaratibu mmoja tu, hakutaka orodha: jambo ambalo mhusika wa mtu hawezi kurudi kutoka kwake, yaani kufa, kufungwa, kuolewa, kufukuzwa mtaani, mwenyewe aulizwe mabanoni na asubiriwe siku nzima. Tukabishana kama kupoteza mali ni mojawapo. Anayemchezesha sajini akasema hapana, la sivyo atakuwa sajini wa kupiga saluti tu. Akashinda.

Tena nilimpa yule dada jambo ambalo sijawahi kumpa mtu kwenye igizo. Nilimwambia kuhusu kusoma. Nilikuwa nimelificha kwa wachezaji wote, nikingoja siku ya kulilipua mwenyewe kwa kishindo. Nikamwandikia: ((Mzee hajui kusoma. Watoto ndio wanamsomea. Fanya nalo utakavyo.)) Iliniuma kama kutoa kitu mfukoni. Akajibu "Heee", halafu kimya tena.

Amerudi juzi. Hakusalimia, aliingia na aya. Nimemwomba ruhusa niibandike hapa, amekubali:

> Bi Tatu alitoka mwenyewe kabla hawajafika kwenye pazia. Alikuwa amejifunga khanga upya, kilemba amekaza, viatu amevaa. Akapita mbele ya sajini kama anayekwenda sokoni, akapanda Landrover bila kushikwa mkono, akakaa. Kisha akateremka tena. Akachomoa kwapani daftari lenye jalada la bluu, akamnyooshea Mzee Mfaume kwa mikono miwili, kwa adabu, mbele ya mgambo wote. "Mheshimiwa," akasema, "wewe ndiye mjumbe wetu. Kabla sijaenda, wasomee hawa wazee wa kazi majina ya wanaonidai na ninaowadai, serikali isije ikasema nimeficha. Anza ukurasa wa kwanza."

Wakuu. Ukurasa wa kwanza!

Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, maharage yakaungua. Sina mlango. Kaogopa sare, na sare ndizo zimemzunguka. Anapenda kuitwa Mheshimiwa, kaitwa. Jina lake limo mle ndani, na hata akiliangalia hatalijua. Kuna mtoto wa shule mmoja uwanjani, mhusika wa kijana wetu wa Dodoma, na huyo kijana ameandika mabanoni ((mimi nipo, nasubiri kuitwa)). Sajini naye kaandika ((sina haraka)). Watu kumi na moja wote hewani, saa 2 usiku. Hata yule wa televisheni yupo.

Fundi Redio

Sasa ndiyo unaona wameshika mpini. Unajisikiaje?

MjukuuWaMjumbe

Vibaya. Natetemeka kwa furaha.

Bi Mwanakombo

Huyo dada wa Tanga ni mlumbi. Kakujibu kwa vina vyako: umeweka Mheshimiwa, kakurudishia Mheshimiwa. Msalimie sana. Na mwambie kilemba kimenipendeza.

Kondakta Mstaafu

Asimwite mtoto. Akimwita mtoto ni mwongo, asipomwita ni mjinga. Mimi ningemwangushia miwani ivunjike.

MjukuuWaMjumbe

Hana miwani, Kondakta. Niliandika siku ya kwanza kwamba anajisifu macho yake ni ya tai. Najilaumu.

Zamu yangu inaisha kesho saa 3 usiku. Hadi sasa nina sentensi moja tu: "Mzee Mfaume akalipokea daftari kwa mikono miwili, akalifungua, na yule mtoto wa shule, aliyekuwa karibu, akaona limegeuzwa juu chini." Nimeweka nukta, nimeondoa vidole. Sijui nimwachie mtoto hapo hapo au niongeze.

Bint Matrah

Achia hapo hapo.